Pweza wa Shangazi Mashavu

Kila asubuhi, kabla ya kwenda skuli, Mwatum alimwogesha mdogo wake Muhiddin, akamvika kikanzu chake na kumlisha uji. Muhiddin alikuwa na miaka miwili. Alikuwa ndiyo kwanza amejua kukimbia, na kila alichokiokota alikitia kinywani: kifungo, kokwa ya tende, hata kipande cha chaki.

"Mwatum, mtazame mwenzio!" mama yao, Bi Biasha, aliita kutoka jikoni.

"Naam mama, namtazama," Mwatum alijibu, hata pale alipokuwa hamtazami.

Nyumba yao ilikuwa Kiponda, mjini Unguja. Baba yao, Bwana Silima, alifanya kazi kwenye ghala la karafuu, lakini kwao hasa kulikuwa kisiwani Tumbatu. Mwaka ule wa 1955, dada yake mkubwa, Bi Mashavu, alikuja kutoka Tumbatu kuwatembelea pamoja na binti yake Sichana, ambaye alikuwa rika moja na Mwatum. Bi Mashavu hakuja mikono mitupu. Alileta kapu la pweza mkavu, aliyemkausha mwenyewe juani.

Jumapili, Bwana Silima aliwachukua wote kwenda kutembea Mbweni, kwenye shamba la rafiki yake lililokuwa karibu na bahari. Walipanda gari la abiria la shamba asubuhi, wamebeba sufuria, nazi na mkeka. Walipofika, Bi Mashavu alimpika pweza kwa tui zito. Wote walikula wakashiba. Muhiddin alikaa mapajani kwa shangazi yake, naye akamtafunia vipande vidogo na kumlisha kwa mkono wake.

Baada ya chakula wakubwa walikwenda kusali, kisha wakajinyoosha mkekani.

"Mwatum, mtoto nnakuachia wewe," alisema Bi Biasha. "Usimwache akatia vitu kinywani."

"Naam mama."

Mwatum na Sichana walikaa kando ya ua wa shamba wakacheza mdako, kurusha kijiwe juu na kuokota vyengine kabla hakijaanguka. Muhiddin hakuwapa nafasi. Alivichukua vijiwe, akavitupa, akacheka. Sichana alipokwenda kisimani kunywa maji, Mwatum alikwenda kwenye ua. Ua wenyewe ulikuwa wa miti ya mbono, ambayo hata mbuzi hawaili, na chini yake zilikuwa zimeanguka mbegu nyeusi nyingi. Aliziokota, akazitia kwenye kopo tupu la maziwa, akampa mdogo wake.

"Haya, piga ngoma yako huko."

Muhiddin alilitikisa kopo, likalia, akafurahi. Sichana aliporudi mchezo uliendelea, na Mwatum akampa mdogo wake mgongo. Ikapita muda hata asisikie tena kopo likilia. Alipogeuka, Muhiddin alikuwa ameketi anatafuna. Maganda meusi yalikuwa yametapakaa miguuni pake na midomo yake ilikuwa na unga mweupe. Mwatum alimfuta kinywa kwa kanga, akayatupa maganda nyuma ya ua. Sichana alikuwa ameinama anaokota vijiwe, hakuona.

Haukupita muda mrefu Muhiddin akaanza kulia ameshika tumbo. Kisha akatapika. Akatapika tena, akaharisha, na kilio chake kikageuka kuwa mkoromo mdogo.

Bi Biasha alimnyakua. "Mwatum! Kala kitu huko?"

Mwatum alimtazama mama yake, akamtazama na baba yake aliyekuwa amesimama nyuma.

"Hajala kitu," alisema.

Neno hilo lilimtoka upesi, kabla hajalifikiri. Bwana Silima akamgeukia dada yake.

"Pweza wako huyo, dada! Mtoto mchanga hulishwa pweza mkavu?"

"Silima, nimekulea wewe kwa pweza huyo huyo."

"Mjomba, sote tumemla," Sichana alisema. "Mbona sisi hatuumwi?"

"Nyamaza! Tumbo lako na la mtoto wa miaka miwili ni sawa?"

Lori la nazi lilikuwa linapakia shamba la jirani. Dereva aliwapakia wote, akawapeleka mjini mbio. Njiani Muhiddin hakulia tena. Macho yake yaliingia ndani, mikono yake ikawa baridi, na kichwa kikawa kinayumba kila lori liliporuka shimo. Bi Mashavu alikaa peke yake nyuma kabisa, juu ya nazi. Hakuna aliyezungumza naye.

Hospitali, daktari alimpokea mtoto, akambana ngozi ya tumbo kwa vidole na kuona haraka kwamba maji yamemwishia mwilini.

"Kala nini leo?" aliuliza.

"Pweza," alijibu Bwana Silima.

"Na nini tena? Dawa? Majani? Matunda ya porini? Nambieni kweli. Ikiwa ni chakula kilichoharibika, nitamtia maji ya mshipa tungoje. Ikiwa ni sumu, lazima nimwoshe tumbo sasa hivi, na sitaki kumsumbua hivyo mtoto dhaifu kama huyu bila ya sababu."

"Pweza tu," alisema tena Bwana Silima.

Mwatum alisikia kila neno. Kama angesema pale, baba angejua kwamba alimwacha mtoto, na mama angejua kwamba amemdanganya. Daktari akaingia ndani na mtoto.

Wakabaki wamekaa kwenye benchi la varandani. Bwana Silima alisema bila ya kumtazama dada yake, "Kesho kuna chombo cha Tumbatu. Nenda nacho. Na pweza wako mchukue."

Bi Mashavu alijifunika uso kwa ukaya, mabega yakawa yanatikisika. Mwatum, aliyekuwa karibu yake, alimsikia akisema peke yake, polepole: "Wangu mdogo nilimzika mwaka juzi kwa homa. Na huyu nimemuua kwa mkono wangu. Ya Rabi, nimemuua mwana wa ndugu yangu."

Mwatum hakuweza kuvumilia tena. Aliinuka, akaufungua mlango wa chumba cha daktari bila ya kubisha hodi.

"Si pweza!" alilia. "Kala mbono! Mbegu za mbono! Mimi nilimpa achezee, nikamwona anazitafuna, nikamfuta kinywa!"

"Nyingi?"

"Sijui. Maganda yalikuwa mengi."

Daktari hakumgombeza, hakuwa na wakati huo. Alimwita muuguzi kwa sauti kubwa, na mlango ukafungwa. Kwa muda mrefu familia ile ilisikia kikohozi cha mtoto, miguu ya watu wakienda mbio, na vyombo vikigongana. Baba hakumpiga Mwatum. Alimtazama tu, na Mwatum aliona afadhali angempiga.

Daktari alipotoka, jasho lilikuwa linamtiririka. "Mbegu nyengine zimetoka. Kama binti huyu angechelewa zaidi kusema, nisingekuwa na la kufanya. Na bado sijui. Mwombeni Mungu."

Siku mbili Muhiddin alilala kama kitambaa kilicholowa. Siku ya tatu alifumbua macho, akaomba maji. Bi Biasha alilia kwa sauti wodini. Bwana Silima alipiga magoti mbele ya dada yake, hadharani, akasema, "Dada, nimekukosea. Nimekuhukumu bila ya kuuliza."

"Nshakusamehe, Silima," alisema Bi Mashavu. "Lakini maneno yako yaliniuma, sikufichi."

Kisha akamwita Mwatum, aliyekuwa amesimama mlangoni akiogopa kusogea.

"Mwanangu, kumpa mtoto mgongo ukacheza ni uzembe, na umeona uzembe ulitaka kutufikisha wapi. Lakini kosa kubwa ni lile la pili. Mama yako alikuuliza, ukaficha. Daktari akauliza, ukanyamaza. Wahenga walisema, mficha ugonjwa kifo humuumbua. Wewe uliuficha, na kifo kilikuwa kinakuja kwa mwengine, mdogo asiyeweza kusema kala nini. Ukikosa, sema hapo hapo, hata kama utapigwa. Kipigo kina dawa, mwanangu. Mauti hayana."

"Nimesikia, shangazi," alisema Mwatum. "Na nisamehe kwa kukuacha ukabeba lawama yangu."

Bi Mashavu alimvuta, akamkalisha kando yake kwenye kitanda cha Muhiddin. Mwatum akaweka mkono kifuani pa mdogo wake, akahisi moyo wake ukipiga, dhaifu, lakini unapiga.