Pipa la Kabichi Nyumbani kwa Mpangaji

Kila mwezi wa Novemba, mtaa wetu hapa Ruse, Bulgaria, hunuka kabichi. Kila familia hujaza pipa lake la kabichi ya kuchachusha, ya kula majira ya baridi: kabichi nzima, chumvi, maji, na jiwe juu. Kisha kila siku ya tatu unafungua koki ya chini, unatoa maji, unayamwaga tena juu. Ukisahau, kabichi inaoza, na utasemwa na ndugu wa mume hadi Pasaka.

Jirani yangu Svilena ni hodari wa kabichi. Anashona mapazia kiwandani. Mumewe, Dobrin, anafanya kazi kwenye meli za mizigo za mto Danubi. Katika wiki nne, wiki tatu hayupo nyumbani.

Mama yake Svilena alipofariki, alimwachia nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya nne, mwendo wa dakika kumi kutoka kwetu. Wakampangisha Neviana, muuguzi wa hospitali. Huyo ni mpangaji wa kuombea dua. Analipa kwa wakati. Hana kelele. Anafagia ngazi hata kama si zamu yake.

"Huyu akituponyoka, tunauza," Dobrin alisema. "Siwezi kutafuta wapangaji nikiwa mtoni."

Svilena alizaliwa katika nyumba ile. Kuiuza kungekuwa kama kumzika mama mara ya pili.

Lakini pipa la mama lilibaki pale, kwenye roshani. Mama alitengeneza kabichi pale miaka arobaini. Kwa hiyo Svilena naye akatengeneza pale pale. Ufunguo si anao? Kila siku ya tatu aliingia, akapita sebuleni, akatoka roshani, akatoa maji na kuyamwaga. Akimaliza, alifuta vumbi. Alimwagilia maua. Alikunja nguo za Neviana zilizokuwa zimeanikwa.

Neviana hufanya kazi usiku na kulala mchana. Jumanne moja saa nne asubuhi alisikia maji yakimwagika. Akatoka na nguo za kulala, ameshika mwavuli, tayari kumpiga mwizi.

"Mungu wangu! Shangazi Svilena?"

"Wewe lala tu, mwanangu. Mimi nahudumia kabichi."

Kesho yake Neviana alileta barua. Mwisho wa mwezi anahama.

Svilena alishuka hadi kwa Shangazi Ginka, barua mkononi, machozi yakimtoka. Ginka ni msimamizi wa jengo letu. Kwa miaka thelathini aliendesha winchi bandarini, na mpaka leo akisema "Shusha!" mtu anashusha. Ana nyumba yake ya kupangisha, na ameisimamia mwenyewe miaka kumi na nne, bila ugomvi na mpangaji hata mmoja. Mimi namsifu waziwazi wala sioni haya. Siku hiyo nilikuwa pale kwake, nimekwenda kulipia umeme wa taa za ngazi.

"Nimemkosea nini?" Svilena alilia. "Hata nguo nilimkunjia!"

"Na chupi?"

Svilena akainamisha kichwa.

"Basi," alisema Ginka, akimmiminia chai. "Sikiliza, binti. Kuta ni zako. Maisha yaliyo ndani ni ya mpangaji. Ukishapokea kodi, unapiga hodi. Mimi napiga simu siku moja kabla. Nasema nakuja saa ngapi na kwa nini. Akisema leo hawezi, siendi, labda bomba liwe limepasuka."

"Basi nifundishe. Nitafanya kama wewe."

Mtu mwingine angefurahi kusikia hivyo. Angesema, ndiyo, nifuate mimi. Ginka hakusema. Hapo ndipo nilipozidi kumheshimu.

"Kila ndege huruka kwa ubawa wake," alisema. "Nijibu kwanza, na usinidanganye. Bomba likipasuka kule, nawe uko kiwandani, nani anakwenda?"

"Dobrin."

"Dobrin yuko wapi leo?"

"Vidin. Au Vienna."

"Samaki ndio wanajua! Haya. Mpangaji akichelewesha kodi, utamwambia?"

"Nitaona aibu. Labda nimpelekee supu."

Mimi nilicheka. Ginka hakucheka.

"Mkataba wenu uko wapi?"

"Tulipeana mikono."

"Toba! Na orodha ya vitu vilivyomo? Picha? Namba za mita siku alipoingia?"

Svilena akatikisa kichwa.

"Hayo yote unaweza kujifunza. Hata mimi nilijifunza. Sasa la mwisho. Unaweza kukaa nje ya nyumba ya mama yako?"

Svilena aliweka kikombe chini.

"Pale sebuleni bado nasikia harufu ya mama," alisema. "Ndiyo maana nakwenda. Kabichi ni kisingizio tu."

Ginka akamshika mkono. "Basi kazi hii si yako, mpenzi. Akili unayo. Ila unaipenda mno ile nyumba. Tafuta wakala."

"Dalali?"

"Dalali anakutafutia mpangaji, anachukua chake, anaondoka. Wakala wa kusimamia anabaki. Anapokea kodi, anaita mafundi, anakagua, anakuandikia ripoti. Kila mwezi anakata sehemu yake. Kwangu hiyo ni hasara, maana mimi nina muda na nina mdomo. Kwako ni bei ya kulala usingizi."

Jumamosi tulikwenda mjini sisi watatu. Wakala wa kwanza alikuwa na meza ya kioo na manukato makali.

"Msijali, akina mama. Tunashughulikia kila kitu."

"Kila kitu ni kitu gani?" Ginka aliuliza.

Alitabasamu tu. Ginka akasimama, nasi tukasimama.

Wa pili, Kalin, alikuwa na mafua na tai iliyopinda. Lakini alijibu. Anakagua mara mbili kwa mwaka, na mpangaji anapewa taarifa ya maandishi kwanza. Matengenezo madogo anayafanya. Makubwa anauliza kabla ya kumwita fundi. Alituonyesha mahali amana ya mpangaji inapotunzwa na jinsi ya kuvunja mkataba naye asipofanya kazi vizuri. Alitufungulia hata ripoti ya nyumba nyingine, yenye picha za kila chumba.

"Kwa hiyo nikikuachia wewe, mimi sina jukumu tena?" Svilena aliuliza.

"Unalo, bibi. Kodi ya serikali ni yako. Bomba bovu likibadilishwa, mlipaji ni wewe. Mimi nakufanyia kazi tu. Kwa hiyo ripoti zangu uzisome."

"Huyu ndiye," Ginka alininong'oneza.

"Nina masharti mawili," Kalin alisema, akipenga kamasi, maana tulikuwa tumemsimulia yote. "Pipa litoke. Na funguo zako zote nikabidhi."

Svilena mwenyewe alikwenda kwa Neviana. Alipiga kengele, akasubiri, akaomba radhi akiwa amesimama nje. Neviana alisema atajaribu mwezi mmoja zaidi. Jumapili Dobrin, aliyekuwa amerudi kutoka mtoni, na wanaume wawili walishusha pipa kutoka ghorofa ya nne, maji ya kabichi yakitiririka ngazini. Ginka alisimama chini akipiga kelele, "Shusha! Polepole! Shusha!" Kisha Svilena akatoa ufunguo, akampa Kalin. Nilimpenda sana siku ile.

Januari bomba la jikoni lilivuja. Neviana alimpigia simu Kalin, na fundi akaja kabla ya adhuhuri. Svilena alipata habari kwa ujumbe wa simu akiwa kwenye cherehani. Februari Neviana alisaini mkataba wa miaka miwili. Dobrin hajataja tena neno la kuuza.

Machi, Neviana alimwalika Svilena chakula cha Jumapili. Svilena alisimama mbele ya mlango ule mikono mitupu, akabonyeza kengele. Akasikia hatua za mtu ndani. Mlango ukafunguliwa.

"Karibu, shangazi. Ingia, nje baridi."

Alituambia baadaye kwamba tangu mama yake afariki, hakuna mtu aliyekuwa amemfungulia mlango ule akamkaribisha ndani. Alilia pale pale mlangoni. Neviana akamkumbatia, viazi vikaungua jikoni, nao wakavila hivyo hivyo.