Mwanamke wa Nyuma Kwenye Bango

— Fundi, huyu mwanamke wa pili ni nani?

Nilikuwa nimeinamia beseni la dawa kwenye chumba cha giza, taa nyekundu inanimulika mikono, picha inajitokeza polepole kwenye karatasi. Mbele alikuwa yeye, Mama Poda, amekaa kwenye kiti na gauni jeupe la bibi harusi la kuigizia. Nyuma ya bega lake alikuwepo mwingine, mwepesi kama moshi, kitambaa kichwani, anatutazama.

— Si nakuuliza wewe? Studio tulikuwa wawili tu. Huyu katokea wapi?

— Ni mke wangu.

— Mkeo yupi?

— Marehemu.

Akanyamaza. Mama Poda kunyamaza si jambo dogo. Ni mpambaji wa waigizaji, anashinda anapaka watu poda na kuwasema papo hapo, na ndiye mwanamke niliyekubaliana naye kuoana. Jumamosi ile tulikuwa twende kwa kaka yake nikajitambulishe.

Kazi yenyewe ilikuwa bango la sinema ya kutisha. Kampuni ya sinema ilimtuma Bosi, kijana wa viatu vyeupe, kwenye studio yangu ambayo wao na simu zao za kupigia picha ndio waliiua. Siku hizi wakubwa wanapenda vitu vya kale, mradi watu wa kale wasifungue mdomo.

— Mzee, alisema siku ile ya kwanza, nataka picha kama za mabibi zetu. Nyeusi na nyeupe, pazia la kuchorwa nyuma, kingo za karatasi zimekatwa mawimbi, mtu hacheki. Na nataka mzimu. Lakini sitaki mzimu wa kompyuta, watu wameshauzoea.

— Naweza kupiga mara mbili juu ya kipande kimoja cha mkanda, nikamwambia. Mtu anakaa, napiga. Anahama, napiga tena. Anatoka mara mbili, mmoja kama kivuli.

— Hapo hapo! Ila mwigizaji wangu ana mashavu ya kisasa mno. Atumike huyu mpambaji. Ana uso wa zamani.

Mama Poda alikuwa anafunga makopo yake, wala hakugeuka.

— Mwambie na yeye ana akili ya kesho, ndiyo maana mpaka leo haijafika.

Basi tukapiga, kwanza moja ya majaribio, yeye amekaa tu. Mikanda mipya haipatikani ovyo, nikachukua mmoja kwenye droo. Ulionekana mpya, ncha yake imechomoza nje. Zamani kazi ya kuzungusha mikanda iliyokwisha ilikuwa ya mke wangu. Alikuwa anaacha ncha nje ili nisihangaike kuufungua gizani, halafu anaikunja, tujue huu umeshatumika. Lakini mkanda wa mwisho niliompigia picha yeye, vidole vyake vilikuwa vimeisha nguvu. Nilizungusha mwenyewe, nikatupia kwenye droo, tukaenda hospitali. Hakurudi. Alifia kwenye benchi la mapokezi, daktari mkuu yuko semina ya namna ya kuhudumia wagonjwa. Nani angekumbuka kukunja ncha ya mkanda?

— Nimekosea mkanda, mama, nikamwambia Mama Poda. Naapa.

— Kwa hiyo nilikuwa nakaa, wewe unapiga, kumbe unanibandika juu yake.

— Sikujua.

— Na mimi ndiyo sikujua! Umeniambia tuliza uso, tuliza uso, nikatuliza. Kumbe namtunzia mwenzangu nafasi.

Mlango ukagongwa. Picha ilikuwa imeshashika, nikawasha taa. Bosi akaingia, akaitazama, akashika kichwa.

— Mamaa! Huyu mzimu ni balaa! Angalia macho! Mzee, mmefanyaje?

— Hiyo haitoki. Ina kosa.

— Kosa gani? Kosa hili kalituma Mungu!

— Huyo ni mke wangu. Alishafariki.

— Basi ndiyo vizuri zaidi. Akajishtukia. Pole, mzee. Lakini ndiyo vizuri zaidi.

Kabla sijasogea alishaipiga picha kwa simu yake. Akasema atarudi kesho kuchukua negativu, yaani ule mkanda uliosafishwa, bila hiyo bango kubwa halitoki safi, akaondoka anapiga mluzi. Nilipogeuka, Mama Poda alikuwa anavua gauni la bibi harusi juu ya nguo zake, analivuta kama linamuunguza.

— Unakwenda wapi?

— Kwangu. Kule ukutani nina picha yangu, nimo peke yangu.

Nikapiga simu, haikupokelewa. Nikapiga tena, ikakatwa. Kisha ukaja ujumbe: "Usinipigie. Mwaka mzima najiuliza kama naolewa au naajiriwa kukaa na marehemu. Leo nimeona kwa macho. Mwambie kaka mwenyewe kwamba Jumamosi huji."

Sina elimu ya kuandika maneno mazuri. Niliandika "Samahani," nikafuta. Nikaandika "Nakupenda," nikaona limekaa kama tangazo la sabuni, nikafuta. Nilikaa tu. Mtu akishachoka sana hata kuomba msamaha ni kazi ya kubeba mizigo.

Jioni simu ikalia. Si yeye, ni binti yangu, ameolewa mbali.

— Baba, shikamoo.

— Marahaba, mwanangu.

— Nimemwona mama.

— Umemwona wapi?

— Kwenye ukurasa wa hao watu wa sinema. Wameandika "Mzimu umefika." Watu wanacheka, baba. Mmoja kaandika huyu hata hakuhitaji kupakwa, anatisha hivyo hivyo. Ni wewe uliyempeleka?

— Sikumpeleka. Wamemchukua.

— Na wewe ulikuwa wapi wakati wanamchukua?

Akakata.

Asubuhi nikaenda ofisi za kampuni. Mlinzi akaniuliza nina miadi na nani, nikamwambia na mke wangu, yuko humo ndani. Akaniachia njia, nadhani aliniona nina kichaa. Nikiwa bado kwenye ngazi nikasikia sauti ninayoijua.

— Nusu ya picha hiyo ni sura yangu. Nimekuja kuchukua nusu yangu!

— Mama, elewa, hii ni sanaa, Bosi alikuwa anasema.

— Ni sanaa? Basi weka ya mama yako mzazi. Ana kitambaa kama kile? Mpige, mbandike, uandike mzimu umefika. Wacheke na yeye.

— Usimtaje mama yangu.

— Ahaa! Kumbe akina mama wanatajwa kwa zamu!

Nikaingia. Bosi akafurahi kuniona, masikini, alidhani nimeleta negativu.

— Mzee, msaidie mama huyu aelewe. Umeileta?

— Negativu iko nyumbani na haitoki nyumbani. Futa hiyo picha kwenye ukurasa wako.

— Wakubwa wangu wameshaipenda.

— Wakubwa wako hawajawahi kulala naye, kumuogesha, wala kumzika. Futa.

Nilisema bila kupaza sauti, sikuwa na nguvu za kupaza. Bosi akamwangalia Mama Poda aliyesimama kashika kiuno, akaniangalia mimi, akatoa simu. Vidole vyake vikacheza cheza juu ya kioo.

— Nimefuta. Lakini mniletee nyingine, ama sivyo nachukua mtu wa kompyuta.

Tukatoka nje, tukasimama penye kivuli cha ukuta. Mama Poda alikuwa anahema.

— Nilidhani umenikasirikia, nikasema.

— Nimekukasirikia bado. Usichanganye mambo.

— Sasa umekuja kufanya nini?

— Nilisoma walivyoandika. Ana sura mbaya, anatisha, sijui nini. Nikapandwa na hasira hata usingizi ukakimbia. Mwenye haki ya kumchukia yule mwanamke ni mimi peke yangu. Wao amewakosea nini?

Nikataka kucheka, kikatoka kikohozi.

— Usikohoe, nijibu, akasema. Nikikaa kwenye kiti chako, mbele ya kamera yako, unamwona nani? Na usinidanganye kwa sababu nimekusaidia.

— Kuna siku namwona yeye.

— Haya.

— Siwezi kumfukuza, mama. Tumekula shida pamoja mpaka imeisha. Lakini mlango ukigongwa, nasikiliza kama ni wewe. Maji yakichemka, nabakiza yako. Jana nilibakiza, na nilijua huji. Wewe sikuoni kama picha. Wewe nakungoja.

Aliangalia barabarani, watu wanapita na mambo yao.

— Hayo maneno hayana hata sukari, akasema mwishowe.

— Ndiyo niliyonayo.

— Afadhali. Ya sukari nilishapewa na yule mume wa kwanza, akaondoka nayo. Twende ukanipige upya. Na mkanda naukagua mimi.

Akaukagua kweli, akaunusa hata. Alikaa kwenye kiti, nikapiga. Akahamia nyuma, nikaacha kamera wazi na kumwambia asitikisike. Akaanza kunisema humo humo, eti nimezeeka mpaka nikipiga picha na mimi natingishika. Kichwa kikahama, mdomo ukaenda huku na macho kule. Nilipoisafisha, alitoka mzimu ambao hata mimi nilirudi nyuma.

— Huyo ndiye mimi? akauliza.

— Ndiye wewe ukiwa unasema.

— Basi nakuonea huruma, kila siku unaniona hivyo.

Bosi aliichukua. Bango likabandikwa mji mzima, na chini wameandika picha ni ya Bosi. Majina yetu, mimi na Mama Poda, hayamo. Ndivyo walivyo, wangeweza wangeandika hata jua ni lao. Ile ya wanawake wawili Mama Poda alinikataza kuichana. Alisema isikae ukutani, lakini isiende na taka, iende kwa mtoto wa marehemu.

Jumamosi kaka yake alinipokea. Hakuwa na maneno mengi, alitaka kujua tu kama nalala mapema. Wiki iliyofuata tukaoana, bila ngoma, watu wa karibu tu, na binti yangu hakuja. Nilikuwa nasuuza mabeseni simu ilipolia.

— Baba, picha imefika.

— Eeh.

— Huyu aliyekaa mbele ya mama ndiye yeye? Aliyegombana na watu wa sinema?

— Ndiye. Nani kakuambia?

— Kaandika mwenyewe nyuma ya picha. Mpe simu.

Nikampa. Mama Poda akafuta mikono kwenye khanga, akatoka nayo koridoni. Nikafunga bomba nisikie. Mwanzo akaguna, kisha akasema, "Hali chakula? Hata kwangu hali, anachokoa tu." Kisha sauti ikashuka sana. Nikamsikia anamwita "mwanangu," nikashika beseni nikingoja simu ikatwe.

Haikukatwa.