Vidonge vya Koti la Baba

Kila jioni, msumeno wa kiwanda cha mbao cha Elburgon uliponyamaza, Chelangat aliinjika chai na kumngoja baba yake. Mzee Kemboi alirudi na unga wa mbao kwenye nyusi, kichwa kikimgonga. Kabla hata ya kuvua viatu, alitia mkono katika mfuko wa koti, akatoa vidonge viwili vya duka la Gopal na kuvimeza kwa chai ya moto. Wanaume wengi wa laini zile, nyumba za wafanyakazi wa kiwanda, walifanya hivyo hivyo. Walisema mlio wa msumeno hautoki kichwani bila vidonge, na walivitumia kama watu wanavyotia chumvi kwenye mboga.

Jumamosi moja mama yake Chelangat, Chepkurui, alikwenda Njoro kumwangalia dada yake aliyejifungua. Kabla ya safari alimpeleka Kipketer, mdogo wake Chelangat mwenye miaka mitano, kwenye zahanati ya kiwanda. Mtoto alikuwa na mafua na homa. Dresa, yaani mhudumu wa zahanati, Bwana Joash, alimpa vidonge vyeupe vilivyofungwa katika karatasi.

“Nusu asubuhi, nusu jioni, na maji mengi,” mama alimwambia Chelangat. “Usiongeze kitu kingine. Umenisikia?”

“Nimesikia, mama. Na kwaya je?”

“Akiamka hana homa, mwachie Mama Wawira hapo jirani ukaimbe. Akiwa bado anaumwa, utakaa naye.”

Hapo ndipo moyo wa Chelangat ulipoingiwa na wasiwasi. Jumapili hiyo kwaya ya shule ingeimba mbele ya wageni kutoka Nakuru, na yeye ndiye aliyechaguliwa kuanzisha wimbo. Alikuwa ameuimba akichota maji, akaosha vyombo huku anauimba, mpaka majirani wakachoka.

Jioni alimpa Kipketer nusu yake. Alipomgusa kipaji cha uso baadaye, kilikuwa bado moto. Koti la baba lilikuwa limetundikwa msumarini. Chelangat alilitazama, akatazama pembeni, akalitazama tena. Dawa ya zahanati ni moja, aliwaza, na ya dukani ni nyingine. Zikisaidiana, homa itakimbia. Basi akatoa mfukoni karatasi ya vidonge, akachukua viwili, akavisaga kwa kijiko na kuvikoroga katika chai yenye sukari nyingi. Kabla ya kulala akampa viwili vingine. Alfajiri, baba alipotoka kwenda kupakia mbao kwenye lori la Nakuru, akampa tena, kisha akaongeza ile nusu ya asubuhi. Karatasi tupu ya vidonge vya baba akaificha mfukoni mwa gauni lake.

Kulipopambazuka Kipketer alikuwa ametota jasho, mwili umepoa. Chelangat alifurahi kupita kiasi! Alikuwa akijifunga mkanda wa sare ya kwaya aliposikia mtoto anatapika.

“Chela,” Kipketer alisema akipumua haraka haraka, “mbona msumeno unalia?”

Ilikuwa Jumapili. Kiwanda kilikuwa kimefungwa, na laini zote zilikuwa kimya isipokuwa kuku wa Mama Wawira.

“Hakuna msumeno, Kipketer.”

“Unalia. Humu.” Mtoto alishika sikio lake na kuanza kulia.

Chelangat alimwita Mama Wawira, jirani yao, naye alimtazama mtoto mara moja tu, akambeba mgongoni na kukimbia naye mpaka nyumbani kwa dresa, Chelangat nyuma yao.

Bwana Joash alitoka na suruali ya kanisani na shati ambalo hajalifunga vifungo. Alimlaza mtoto mezani, akaweka sikio kifuani pake.

“Homa imerudi, na pumzi hizi sizipendi. Naogopa kichomi. Amekula dawa gani tangu jana?”

Mama Wawira alimgeukia Chelangat.

“Zile ulizotupa, Bwana Joash,” alisema. “Nusu nusu.”

“Hakuna nyingine?”

“Hakuna.”

Alisema hivyo kwa kumwogopa mama yake, na kwa aibu ya ile sare aliyovaa. Dresa aliitikia kwa kichwa, akafungua chupa ya vidonge ya zahanati, akakata kidonge na kukisaga katika kijiko cha maji.

“Tumshushie homa kwanza.”

Chelangat alikiona kijiko kikisogea midomoni mwa mdogo wake. Akamrukia dresa na kumshika mkono kwa mikono yake yote miwili, maji yakamwagika.

“Usimpe! Nimedanganya! Nilimpa vya baba pia, vile vya duka. Jana jioni, na kabla ya kulala, na alfajiri. Viwili viwili!” Aliitoa ile karatasi mfukoni.

Bwana Joash aliisoma, uso wake ukabadilika. Akaiweka karibu na chupa ya zahanati.

“Wewe unasoma shule. Soma hapa. Sasa soma hapa.”

Chelangat alisoma. Jina la dawa kwenye karatasi lilikuwa lile lile lililoandikwa kwenye chupa.

“Zote ni aspirini,” dresa alisema. “Dawa moja imevaa mashati mawili. Mtoto huyu amekunywa kipimo cha mwanamume mzima, tena mara nyingi. Huo mlio masikioni na hizo pumzi ni sumu yake. Kimbia, mwambie baba yako lori lisiondoke bila sisi!”

Chelangat alikimbia jinsi ambavyo hakuwahi kukimbia. Lori lilikuwa limeshawashwa. Baba alishusha mbao za juu kwa mikono yake ili wapate nafasi, na njia nzima hadi Nakuru alimpakata Kipketer ndani ya lile koti, dresa akimnywesha maji kidogo kidogo. Hakuna aliyemgombeza Chelangat. Hilo lilimuuma kuliko fimbo.

Hospitalini walimwosha mtoto tumbo na kumtundikia maji ya mshipa. Mama alipelekewa habari, akafika kutoka Njoro akiwa bado na vumbi la njia, na Chelangat akamweleza yote, hata habari ya kwaya. Mama alikaa kando ya kitanda akimsugua mtoto miguu mpaka, siku ya pili, pumzi zikatulia na Kipketer akauliza kama kuna uji.

Waliporudi Elburgon, walikuja na chupa ndogo ya dawa ya kifua. Baba alifungia vidonge vyake katika mkebe na kuuweka juu ya kabati, baada ya Bwana Joash kumwambia waziwazi kwamba hata yeye anajidhuru kwa kuvimeza kila siku. Jioni mama aliweka chupa ile mbele ya Chelangat, pamoja na kijiko.

“Mpe ndugu yako.”

Chelangat alirudi nyuma. “Mpe wewe, mama. Mimi naogopa.”

“Vizuri ukiiogopa, lakini usiikimbie. Kesho nitakuwa shambani na atakuwa mikononi mwako. Niambie kwanza: ni dawa ya nini?”

“Ya kifua.”

“Kiasi gani?”

“Kijiko kimoja kidogo. Asubuhi na jioni.”

“Na ukiona haimsaidii?”

“Siongezi. Namuuliza dresa. Na namwambia kila kitu alichokula.”

“Kila kitu,” mama alisema. “Ulipokosea ulikuwa mtoto mwenye haraka, na karibu tumzike. Ulipomshika dresa mkono ulisema ukweli, na ndiyo sababu yupo hapa. Dawa haijui unampenda mtu kiasi gani, Chelangat. Yenyewe inajua kipimo tu. Haya, mimina.”

Chelangat alimimina, polepole, mama akimtazama. Kipketer alifungua mdomo.