Kioo Kilichosema Salama

Walikutana kwenye maonyesho ya mitambo, watu wanakanyagana. Mhandisi, suti ya buluu, tai imemkaba shingo, alikuwa akijinadi: "Chembe mbili pacha za mwanga, moja huku, moja kule. Mdukuzi akigusa moja, tunajua papo hapo. Ufunguo wetu wa siri, tarakimu zinazofunga mafaili yako, hauibiki!"

"Na nikikimulika kile kipokezi cha chembe kwa mwanga mkali mpaka kipofuke?" akauliza binti mmoja, mpimaji wa mitambo, gauni la manjano na raba nyeupe.

Mhandisi akacheka. "Dada, njoo ujaribu."

Akaenda kweli. Kampuni ikampa kazi ya kupima, mhandisi akampa moyo wake. Na mtambo akauvunja: kipokezi kikipofushwa kinatii amri za mwizi, huku kioo cha mtambo kikiandika SALAMA. Akayaeleza hayo kwenye ukurasa mzima wa ripoti ya kampuni.

Ripoti ilipotoka, ukurasa haumo. Saini ya mhandisi imo! Na mtambo wenyewe unakwenda hospitali, kulinda mafaili ya wagonjwa. Jamani, watu wengine hawana haya! Simu ya binti ikaita; ni mhandisi.

"Mpenzi..."

"Mpenzi wa nani? Wagonjwa wamekukosea nini?"

"Haki ya Mungu sikuutoa mimi. Hapa tunasaini jalada kwanza, kurasa zinapangwa baadaye. Bosi ndiye..."

"Unasaini jalada tupu? Mtu mzima na akili zako!" Akamkatia simu.

Siku ya kuukabidhi mtambo hospitalini, binti akapata ujumbe wa mhandisi: "Njoo na taa yako." Akaja amenuna. Mbele ya madaktari wote, mhandisi akamfungulia waya, naye akakimulika kipokezi. Dakika nne tu. Kioo kikang'ang'ania SALAMA, na kompyuta ya binti ikaonyesha ufunguo mzima, tarakimu kwa tarakimu.

"Toka! Huna kazi!" bosi akafoka.

"Kazi ya kuwadanganya wagonjwa, kaa nayo," mhandisi akajibu. Daktari mkuu akarudisha kalamu mfukoni, akauacha mkataba mezani.

Nje, juani, mhandisi akamkimbilia binti. "Nisamehe."

"Nina hasira na wewe mpaka kichwa kinaniuma!"

"Una haki, malkia wangu. Nikubalie basi nikuoe, unigombeze kila siku."

"Kila siku?"

"Ijumaa nipumzike kidogo."

Binti akajizuia asicheke, akashindwa.

"Hakuna kupumzika," akasema, akampa mkono.