Uji wa Mkonge

SAA 3:10 ASUBUHI. Chumbageni, chumba cha nyuma.

Mundhir alichora ramani sakafuni kwa mkaa, kisha akaikanyaga mwenyewe. Ndiye kiongozi. Asmahani alimtazama akawaza: eti na huyu naye ni jambazi.

"Wakienda kuswali Ijumaa, karakana ya mkonge inabaki na mlinzi mmoja. Yona hapa anaendesha gari. Sisi wawili tunabeba madumu sita."

Madumu ya uji wa mkonge. Miaka miwili Asmahani aliosha vyombo mle, akiona nyuzi zikisagwa mpaka hazionekani kwa jicho, zikawa uji mzito unaong'aa. Ukitandazwa unakuwa karatasi nyembamba. Wanaume wawili waliivuta mbele yake, ikawashinda. Shehe wa Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, aliutaka uji huo. Ili wasimkimbie, alimshika rehani Rahimu, kaka yake Asmahani. Mzigo usipofika mzima leo saa kumi na moja jioni, Rahimu anatupwa mtoni.

"Uji usikauke tu," Asmahani alisema. "Ukikauka unashikana. Haurudi tena kuwa uji."

"Muosha madishi ananifundisha mkonge. Nimekaa korona, kwenye mashine za kuchambua mkonge, miaka kumi, bibie."

SAA 6:50 MCHANA.

Mlinzi alikutwa akikoroma. Wakamfunga. Dakika nane, madumu sita ya lita tano garini. Mundhir alitoka amevimba kichwa.

SAA 8:00.

Mundhir alimwamuru Yona aingie shamba la mkonge lililotelekezwa.

"Polisi wa kivukoni wanakagua madumu. Tunaanika kwenye mabati, tunatia guniani. Mkonge wote huanikwa."

"Utamuua kaka yangu."

"Kaka yako, si wangu." Akaigusa bastola kiunoni.

Yona alitazama matairi. Mwoga, Asmahani aliwaza, tena mwoga mzima. Madumu matano yakamwagwa juani. La sita Asmahani alilikalia.

"Likalie. Ukikamatwa nalo, sikujui."

SAA 10:50 JIONI. Bweni.

Kivukoni polisi hakutazama gunia wala dumu.

"Shikamoo, mzee," Mundhir alimwambia Shehe, aliyekaa kando ya Rahimu aliyefungwa miguu.

"Marahaba. Mzigo?"

Gunia likamwaga vipande vigumu kama ukoko. Shehe alitumbukiza kimoja kwenye ndoo ya maji, akakoroga muda mrefu, akakitoa vile vile.

"Umekauka tu, mzee. Uloweke."

"Nimeuloweka."

Asmahani alisogeza dumu lake. Shehe alichota, akaufinya uji vidoleni.

"Huu ndio. Matano mengine?"

Asmahani alinyoosha kidole kwenye vile vipande.

"Basi rehani inabaki."

"Ibaki," Asmahani alisema. "Lakini mshike aliyeanika."

Shehe alimtazama Mundhir, akaitikia kwa kichwa. Mkono wa Mundhir ulikwenda kiunoni. Yona, aliyenyamaza kutwa nzima, aliudaka kwa nyuma, akaikwapua bastola.

"Asmahani, tumetoka mbali mimi na wewe," Mundhir alisema.

Asmahani alimpa kisogo. Alipiga magoti, akafungua kamba miguuni mwa kaka yake, akawapa watu wa Shehe kamba ile ile, ingali na jasho la Rahimu.