Mawe Niliyoyatupa

Kwetu Mafubira, kaskazini mwa mji wa Jinja, hakuna anayenishinda kufagia. Sijisifu, habuba ndiye anayesema hivyo. Sisi Wanubi bibi humwita habuba, na habuba wangu, Mariat, si mtu wa kusifu watu ovyo. Kila asubuhi kabla ya shule nafagia ua kutoka mlangoni hadi barabarani. Nikimaliza, habuba hutoka na kikombe chake cha chai, hutazama kila pembe, kisha husema, "Shamira amepita hapa." Basi siku hiyo hata uji huwa mtamu.

Lakini kazi ninayoionea fahari zaidi ni ya makaburini. Wiki moja kabla ya Idd tunakwenda kusafisha makaburi ya ukoo wetu. Watu wazima wanakata nyasi, na sisi watoto tunaokota mifuko ya plastiki na mawe ambayo watundu huyarusha humo wakiwinda ndege. Tangu nikiwa na miaka sita, habuba amenifundisha kwamba ukikuta mawe yametupwa juu ya kaburi unayaondoa, hata kama marehemu humjui. Sasa nina miaka kumi na miwili na kazi hiyo naifanya bila kuambiwa. Laiti siku ile ningesubiri kuambiwa.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Mjomba Zubair, ambaye hufundisha historia katika shule ya sekondari, aliniambia Jumapili tutakwenda Mbale, twende na kurudi siku hiyo hiyo. Mjomba ana gari dogo la zamani ambalo nadhani analipenda kuliko sisi wapwa zake. Njiani alinieleza kwamba karibu na Nakaloke kuna kilima wanakoishi Wayahudi, wananchi wa Uganda kama sisi, na kwamba wamejenga ukumbusho wa Wayahudi waliouawa Ulaya wakati wa Vita Vikuu vya Pili.

"Vita hivyo unavijua kwa ile picha ya babu yangu mimi pale sebuleni, na kofia yake ya jeshi," alisema. "Leo ujue pia waliouawa bila kushika bunduki."

Nilisema ndiyo, mjomba. Ukweli ni kwamba nilikuwa nawaza chapati alizotufungia habuba.

Tulifika saa nne. Mjomba aliingia ofisini kumsalimu Mwalimu Naume, waliyesoma naye chuoni na ambaye ndiye msimamizi wa ukumbusho ule. Salamu za watu waliosoma pamoja hazina mwisho, nami nikachoka kusimama mlangoni. Nikapanda njia fupi peke yangu hadi nilipokuta ukuta mfupi wa matofali. Mbele yake kulikuwa na bamba pana la saruji lililolazwa chini, limeandikwa majina mengi. Lilionekana kaburi kabisa. Na juu ya kaburi lile kulikuwa na mawe.

Niliona haya kwa niaba ya wenyewe. Niliwaza, hawa watu hawana watoto wa kuwasafishia? Hapakuwa na mtu wa kumuuliza, na mikono yangu haijui kungoja. Niliyaokota mawe yale moja moja na kuyatupa nyuma ya ukuta, kwenye mteremko wenye majani marefu. Nilitupa mpaka la mwisho. Kisha nikapangusa vumbi juu ya majina kwa viganja vyangu, nikarudi nyuma hatua mbili na kutazama. Kulikuwa safi. Nilimngojea mjomba ili nisifiwe.

Aliyekuja kwanza alikuwa mwanamke mwembamba aliyebeba jerikani ya maji. Jina lake Night. Alikuwa mtunzaji wa pale, mwenyeji wa kijiji cha chini ya kilima.

"Mulembe," alinisalimu. Akatazama mikono yangu. "Mkono yote vumbi. Leta nikunawishe."

Akaniinamishia jerikani, nikanawa. Kisha akatoa karanga za kukaanga mfukoni mwa aproni, akanijazia kiganja. Nilikuwa nazitafuna mjomba alipotokea akiongozana na Mwalimu Naume.

Mwalimu alikuwa akizungumza huku akicheka. Alipoliona bamba aliacha kucheka.

"Night, mawe yako wapi?"

Night aligeuka kutazama, na jerikani ikamponyoka. "Madamu, mimi sijui. Asubuhi ilikuwa hapa. Yote ishirini na sita."

"Juzi si uliniomba uyaondoe uoshe saruji? Nikakukataza?"

"Ulinikataza, madamu. Hii mawe mimi sikugusa."

Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka, na mdomo nilikuwa nimeshaufungua. Lakini mjomba aliuliza mawe hayo yalikuwa ya nini, na Mwalimu Naume akaanza kueleza, na kila alivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuufunga.

Alisema Wayahudi kwa kawaida hawaweki maua kaburini. Mtu anayetembelea kaburi huweka jiwe dogo, kuonyesha kwamba amefika na hajasahau. Alisema serikali ya Wanazi huko Ujerumani iliua Wayahudi milioni sita, wazee kwa watoto, na wengi wao hawana kaburi popote. Majina yale yalikuwa ya watoto arobaini na mmoja wa shule moja nchini Poland. Na mawe yale hayakuokotwa barabarani. Yaliletwa na jamaa zao wachache waliobaki, kutoka nchi mbalimbali, kila mmoja na jiwe lake. Mmoja alikuwa bibi wa miaka themanini na tisa. Alileta jiwe kutoka mtoni walikokuwa wakicheza yeye na kaka yake, mmoja wa watoto hao, na sasa bibi huyo naye amekwisha kufariki.

Niliacha kutafuna. Nilitazama bamba, na jina lililokuwa karibu na mguu wangu lilikuwa la msichana. Pembeni waliandika umri wake, miaka kumi na miwili.

"Shamira," mjomba aliniita, "wewe ulitangulia. Ulimkuta mtu hapa?"

"Sikumkuta mtu," nilijibu.

Tazama nilivyokuwa mjanja. Kila neno lilikuwa la kweli, na lote kwa pamoja lilikuwa uongo. Mwalimu Naume alimgeukia Night, akamwambia kwa sauti ya chini alete ufunguo wa geti na akae nyumbani mpaka kamati itakapokutana Jumapili ijayo. Night aliutoa ufunguo kwenye kamba shingoni. Hakulia. Alinitazama mara moja tu, akashuka kilima bila jerikani yake.

Njia nzima ya kurudi nilijifanya nimelala.

Wiki ile nilifagia vibaya. Habuba alitoka na chai yake, akatazama, akarudi ndani bila neno. Nilijitetea moyoni kwa kila namna. Sikujua, kwa hiyo si kosa. Mimi mtoto. Night atapata kazi nyingine. Lakini nikinawa kabla ya kusali, nilikuwa naona maji yale ya jerikani yakipita kwenye viganja vyangu, na sala inanitoka. Alhamisi jioni simu ya mjomba ililia akiwa kwetu. Alisikiliza, kisha akamwambia habuba, "Yule mtunzaji wa Mbale wanamfukuza Jumapili. Anaendelea kukana. Naume anasema angekubali tu kosa, wangemsamehe."

Nililala na jambo hilo. Ijumaa, watu walipotoka msikitini, nilimkuta habuba jikoni akichambua mchele. Nikakaa chini na kumwambia yote, mpaka zile karanga. Nilitegemea kofi. Habuba aliendelea kuchambua.

"Kuondoa mawe nilikufundisha mimi," alisema. "Hilo tugawane. Lakini kunyamaza sikukufundisha."

"Naogopa, habuba."

"Uogope. Hata mume wangu, babu yako, aliogopa." Aliweka sinia chini. "Miaka ya utawala wa jeshi, Wayahudi wa kule walikatazwa kusali. Babu yako alikuwa askari kambini Mbale. Hakumgusa mtu, lakini alikuwa na rafiki miongoni mwao, na siku rafiki yule alipokamatwa akiwa na kitabu chake cha sala, babu yako alipita upande wa pili wa barabara. Alinieleza akiwa mzee kabisa. Alitaka kwenda kumwomba radhi, na mtu mwenyewe alikuwa ameshazikwa. Wako bado yuko hai. Mwite mjomba wako."

Jumapili tulikwenda sote watatu, habuba na magoti yake mabovu akiwa kiti cha mbele. Kamati ilikuwa watu watano kwenye benchi, na Night amekaa peke yake kwenye kiti cha plastiki, amevaa gomesi, lile gauni refu la heshima, ya kwenda kanisani. Mjomba aliomba nafasi. Nilidhani atanisemea yeye, lakini aliniambia, "Haya, sema."

Nilisema, "Mawe niliyatupa mimi. Nilifikiri nasafisha kaburi. Halafu nilipojua, nikaogopa, nikaacha Night asingiziwe."

Mwalimu Naume alikuwa akimtazama Night, si mimi.

"Mimi nilijua," Night alisema. "Niliona mkono yake."

"Mbona hukusema?" Mwalimu aliuliza.

"Madamu, ungeniamini? Mimi mfagiaji, nisimame niseme ni mtoto wa rafiki yako?" Kisha akanigeukia. "Na wewe nilikunawisha. Nikasema huyu atasema mwenyewe, siku haitaisha. Ikaisha. Ikaja ingine. Siku saba, mtoto. Watoto wangu wananiuliza nimeiba nini."

Nimewahi kuchapwa, na nimewahi kuanguka mtihani wa hesabu mbele ya darasa zima. Hakuna kilichowahi kuniuma namna ile. Nilipiga magoti mbele ya kile kiti cha plastiki, nikamwomba radhi, na sauti yangu sikuisikia vizuri mwenyewe.

Mwalimu Naume alisimama. Alimwambia Night mbele ya kamati yote kwamba alimhukumu kabla ya kuuliza, na kwamba anaona aibu. Alivua ufunguo shingoni mwake akamkabidhi kwa mikono miwili. Night aliupokea, ila hakutabasamu.

Lilibaki tatizo moja. Nyuma ya ukuta mteremko wote ni mawe. Mjomba aliuliza kama kuna picha, na Mwalimu akasema picha zilizopo ni za wageni waliosimama wakiziba kila kitu. Niliteremka kwenye majani, nikarudi na mawe sita mikononi, na yote sita yalifanana na mengine elfu. Nilitaka kulia.

Night alikuja akayatazama. "Hii hapana. Hii hapana. Hii ndiyo. Ilikaa kona, chini ya jina ya kwanza. Ina mstari mweupe."

Wote tuligeuka kumtazama. Yeye alikunja gomesi yake, akaingia mwenyewe kwenye majani. Kumbe kila asubuhi alikuwa akiyahesabu mawe yale na kuyapangusa kwa macho, kwa kuwa kwa mkono alikatazwa. Alilijua la kijivu lenye tundu, na jembamba la yule bibi wa mtoni, na jekundu ambalo halifanani na udongo wa Mbale. Mimi nilipekua na kumletea, yeye akachagua, Mwalimu Naume akapanga. Habuba alikaa ukutani akitushikia chupa ya maji. Tulitafuta mpaka alasiri, nikachanwa na miiba mikono yote, na sikusema lolote kuhusu miiba.

Tulipata ishirini na nne.

Mwalimu Naume alinikalisha karibu na bamba. "Sikulinganishi na watu waliowaua watoto hawa," alisema. "Usije ukafikiri hivyo. Ulikosea kwa nia njema, na kosa la namna hiyo hata mimi nalifanya. Lakini nataka ujue jambo moja. Wauaji hawakuwa peke yao pale. Pembeni kulikuwa na majirani wengi walioona na kunyamaza, kila mmoja akijiambia si mimi niliyeshika bunduki. Kunyamaza kwako kulimpata mtu mmoja tu, na amerudi kazini. Angefukuzwa leo, angeondoka na kumbukumbu ya mawe yote haya kichwani, nasi tusingejua tulichopoteza. Ukimwona mtu anabeba kosa lisilo lake, sema siku hiyo hiyo. Ukichelewa, sema hata hivyo. Na mimi nijifunze kuuliza kabla ya kunyang'anya mtu ufunguo."

"Amina," habuba alisema kutoka ukutani.

Kabla ya kuondoka nilimfuata Night, aliyekuwa anafunga geti. Nilimuuliza kama amenisamehe. Alijaribu kufuli kama limeshika.

"Leo bado," alisema. "Mbili hazijaonekana. Likizo ingine urudi, tutafute."

Nilimwambia nitarudi. Alitikisa kichwa kukubali, akanitazama mikono iliyochanwa, akaenda kuteka maji.