Jina Aliloipa Miti

Jumatatu tarehe 9 Mei 1949, saa moja asubuhi, Saburi Amri wa Mandawa alipiga hodi kwenye mti wake wa kwanza wa kazi. Ulikuwa mtondoro, hatua mia mbili kutoka kambi ya kufyeka pori, upande wa Chiola. Hadi jua linakuchwa alikuwa amepiga hodi kwenye miti kumi na minane.

Kambi ilikuwa inasafisha ardhi ya kulima karanga. Matingatinga mawili yaliburuta mnyororo mmoja kati yao, na kila kilichosimama katikati kililala. Nyuma walifuata vibarua wa kung'oa visiki, wengi wao watu wa Marambo na Chiola. Vibarua hao walikuwa wamekaa chini siku mbili. Walisema hawaingii mahali ambapo wenyewe, wale wasioonekana wakaao mitini, hawajaarifiwa. Mnyapara, Gaudens, alikuwa Mmakua aliyebatizwa, na mambo hayo hakuyaamini, lakini alikuwa na ekari za kumaliza. Akatafuta mtu anayeijua kazi.

"Nyie Wamwera mnaogopa hata ufagio," alimwambia Saburi, "kwa kuwa zamani ulikuwa mti."

"Na nyie Wamakua hamuogopi kitu, kwa kuwa mkiambiwa hamsikii."

Gaudens alicheka, akamwandika kazini.

Utaratibu Saburi aliurithi kwa baba yake. Mtu akitaka mti mkubwa, huugonga mara tatu kwa kisogo cha shoka, kisha husema: "Hodi. Mimi ni fulani mwana wa fulani, wa mahali fulani. Nimekuja kuchukua. Mliomo humu, tokeni." Halafu hungoja. Kukiwa kimya, huuacha mti siku saba ili wenyewe wahame, ndipo hukata. Akijibiwa, huenda zake. Jina hutajwa ili wenye mti wajue wamfuate nani, ikiwa kuna la kufuata. Ndiyo maana mtu mwenye akili zake hakuchukua zaidi ya miti miwili kwa mwaka.

Kumi na minane kwa siku moja. Baba yake hakufikisha idadi hiyo mpaka anaingia kaburini.

Jioni ile Saburi hakula. Asubuhi alirudi porini na kubadili neno moja tu.

"Hodi," alisema. "Mimi ni Seleman mwana wa Amri, wa Mandawa."

Seleman alikuwa kaka yake. Alikwenda vitani Burma, na barua ya serikali ilisema kazikwa hukohuko. Saburi alijiambia kwamba mtu aliyezikwa ng'ambo ya bahari hafuatwi na mtondoro wa Chiola. Siku ile alipiga hodi kwenye miti ishirini na miwili, na usiku akalala vizuri. Akaendelea hivyo Juni yote, na Julai, na kuendelea. Wiki moja nyuma yake mnyororo ulifuata.

Mwezi wa tisa, kwenye mti mmoja wenye pango, alijibiwa. Aligonga mara tatu, na ndani kukagongwa mara tatu. Alimwendea Gaudens na kumwambia mti ule uachwe.

"Kigogota huyo, mzee."

"Kigogota hahesabu."

"Basi huyo wako kasoma shule. Endelea mbele."

Mti uliangushwa. Vibarua waliutazama ndani, wakakuta mtupu. Hata buibui hakuwemo.

Ijumaa tarehe 2 Desemba, dereva wa lori aliyeitwa Fidelis alifika kambini kutoka Ruangwa akiwa na salamu. Mwamina, binti wa pekee wa Saburi, alikuwa amejifungua wiki mbili zilizopita, nyumbani kwa wazazi wake Mandawa. Mtoto wa kiume, mzima. Mumewe Mwamina, Abdala, alikuwa ameshachinja mbuzi.

"Mama Mwamina anasema jina mmeshalipata," Fidelis alisema. "Amepewa la marehemu kaka yako. Seleman."

Saburi alisema alhamdulillahi. Kisha akakaa juu ya kisiki.

Hakuna aliyekosea. Kila nyumba pale Mandawa humpa mtoto jina la aliyekufa, ili lisipotee. Yeye mwenyewe angeulizwa, angesema hilohilo. Na jina hilo alikuwa amelitaja kwa miti kila siku ya kazi, miezi saba.

Aliondoka kesho yake alfajiri kwenye lori la Fidelis. Kabla ya kufika Ruangwa gari lilichemka, wakasimama kuongeza maji. Injini ilipozimwa, Saburi alisikia. Mara tatu, upande wa kushoto, karibu. Kimya. Mara tatu tena, mbele kidogo. Kimya. Mara tatu, mbali zaidi, mbele. Hakukuwa na upepo. Majani mapya ya miyombo, mekundu kabla ya mvua, yalikuwa yametulia.

"Wapasua mbao," Fidelis alisema.

"Huku hakuna wapasua mbao."

Fidelis alisikiliza. Mlio ulikwenda mti hadi mti, ukiifuata barabara, kuelekea kule walikokuwa wanakwenda. Ulikwenda upesi kuliko lori. Aliliwasha gari kabla rejeta haijapoa.

Nyumbani Mandawa, Saburi alimkuta mkewe, Hajira, uani anapepeta mtama. Mwamina alikuwa ndani na mtoto, arobaini yake haijatimia. Mtoto alikuwa na afya. Alimshika babu kidole, akakataa kukiachia.

"Shikamoo baba," Mwamina alisema. "Juzi ulikuja, mbona hukuingia?"

"Marahaba. Juzi ipi?"

"Alhamisi asubuhi. Ulipiga hodi huku nyuma, ukutani, upande wa porini."

Saburi alimtazama mkewe kupitia mlango. Hajira aliacha ungo, akaingia.

"Ilikuwa sauti yako, Baba Mwamina. Nikaitikia karibu. Kimya. Nikatoka, sikuona mtu. Nikarudi ndani, hodi tena. Nikaitikia tena."

"Mara ngapi?"

"Mtu akipiga hodi umkalie kimya? Tatu."

"Alisema nini?"

Aliyejibu ni Mwamina, kwa sauti ya chini, akimfunika mtoto sikio kwa kiganja.

"Alisema, mimi ni Seleman mwana wa Amri, wa Mandawa. Nikacheka, baba. Nilidhani unamtania mjukuu wako. Halafu akasema, nimekuja kuchukua. Mliomo humu, tokeni."

Saburi aliwaeleza yote. Hakujitetea. Hajira alisikiliza mpaka mwisho.

"Umewafundisha mwenyewe," alisema. "Neno kwa neno. Na ule mti ulioitika mliuangusha, basi kuitika kwetu hakutukingi."

"Nimewafundisha."

"Na siku saba?"

"Alhamisi ijayo."

Walitafuta njia. Kubadili jina haikufaa. Mtoto alikuwa ameshaadhiniwa nalo, na wale walikuwa wamelisikia kabla yake. Hajira alisema mtoto apelekwe kwenye mashamba ya karanga, kusikobaki mti. Lakini kufika huko lazima apite porini mchana kutwa. Ilibaki njia moja. Mwongo arudi kwa aliowadanganya, aseme kweli.

Jumatatu tarehe 5 Desemba Saburi alishuka kwenye lori pale Chiola, shoka mkononi. Alitembea mpaka mahali alipopigia hodi ya kwanza kwa jina la kaka yake. Alisimama. Mbele yake hapakuwa na mti hadi macho yalipoishia. Udongo uliopinduliwa, tuta baada ya tuta la majivu, na mbali kabisa matingatinga mawili madogo kama siafu.

Gaudens alimkuta pale.

"Umerudi kazini, mzee?"

"Nina neno la kuwaambia."

"Nani?"

Saburi alionyesha kwa mkono. Gaudens aliufuata mkono kwa macho.

"Hao wameshakwenda," alisema.

Waliolisikia jina kwake hawakuwepo tena. Waliolisikia kwa wenzao walisimama kuanzia hapo hadi ukuta wa nyumba yake. Saburi aligeuka. Aliuendea mti mkubwa wa kwanza nje ya uwanda, akaugonga mara tatu.

"Hodi. Mimi ni Saburi mwana wa Amri, wa Mandawa. Seleman hakuwakata. Ni mimi."

Akaenda wa pili. Akaenda wa tatu. Vichaka na miche aliviacha. Miti mikubwa ya kando ya barabara hakuacha hata mmoja. Alikula akitembea. Giza likiingia, alilala kwenye nyumba za watu. Kukipambazuka, alianza pale alipoishia. Siku ile ya kwanza mlio aliusikia mbele, ukimtangulia kama siku ile ya lori.

Jumanne mchana ulikoma.

Aligonga. Akasema jina lake. Akangoja. Kimya mbele.

Kisha ukasikika nyuma. Mara tatu. Kwenye mti alioacha dakika tano zilizopita.

Alipiga hatua ishirini, akasimama. Mara tatu. Nyuma. Karibu zaidi.

Wamesikia, Saburi alijiambia. Akashukuru. Mlio ulikuwa umehama. Haukuwa tena wa mtoto. Ulikuwa wake.

Alibakiwa na siku moja na nusu na maili nyingi.

Jumatano tarehe 7 Desemba, saa tisa alasiri, Fidelis alimpita maili kumi na mbili kabla ya Mandawa. Alisema baadaye kwamba Saburi alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye mti kama mtu anayenong'ona sikioni. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Panda, mzee. Jioni hii utakuwa kwako."

"Nikipanda nitawaruka."

"Utakufa hapa."

"Chukua ujumbe. Mwambie Mama Mwamina kesho asiitike hodi. Ya mtu yeyote. Akisema karibu, amewapa ruhusa ya kuingia."

"Na ukiwa ni wewe?"

Saburi alipangusa kisogo cha shoka kwa kiganja.

"Hata ikiwa ni sauti yangu," alisema. Kisha akaenda mti unaofuata.

Fidelis aliufikisha ujumbe kabla ya magharibi.

Alhamisi alfajiri Hajira alifunga mlango kwa komeo. Alimweka Mwamina na mtoto katikati ya chumba, mbali na kuta. Abdala alikaa mlangoni. Jua lilipanda. Saa mbili hivi, ukuta wa nyuma ulipigwa mara tatu.

"Hodi."

Sauti ilikuwa imekauka.

Hajira alimziba binti yake mdomo.

"Hodi. Ni mimi, Saburi."

Abdala alinyanyuka. Hajira alimtazama, naye Abdala akakaa.

Waliposikia tena, sauti haikuwa ukutani. Ilikuwa mlangoni, chini, kama ya mtu aliyekaa kizingitini.

"Hodi, Mama Mwamina. Nimechoka."

Miaka thelathini Hajira hakuwahi kuacha kumwitikia mumewe. Aliuma upindo wa kanga mpaka ukachanika. Hakuitika. Mtoto alinyonya, akalala. Hodi ya nne haikuja.

Adhuhuri walifungua mlango. Hapakuwa na mtu, wala nyayo. Ua ulikuwa umefagiwa jana yake, na mtu angeacha alama.

Ijumaa Abdala alitoka na watu sita kumtafuta mkwewe. Kazi ilikuwa rahisi mwanzoni, maana kila mti mkubwa, kutoka pale Fidelis alipomwacha, ulikuwa na alama tatu za kisogo cha shoka kwenye gome, usawa wa kifua. Walizifuata maili tatu. Alama za mwisho zilikuwa kwenye mninga mmoja penye kona. Mti uliofuata haukuwa nazo, wala wa baada yake, wala mwingine wowote hadi Mandawa. Waliuzunguka mninga ule siku mbili. Hawakukuta damu, nguo, wala shoka. Polisi waliandika kwamba huenda aliliwa na simba.

Hajira hakukaa eda. Mwalimu wa madrasa alimweleza kwamba bila maiti wala shahidi ni lazima angoje. Alingoja. Lililomkondesha halikuwa kungoja. Aliwahi kumwambia Mwamina mara moja tu, wakichambua ufuta: "Sijui Alhamisi ile nilimfungia nani nje." Mtoto Seleman alikua. Hakuugua hata surua.

Oktoba 1954 barabara ilipanuliwa. Abdala, ambaye sasa alipasua mbao kwa mkataba, alipewa kona ile. Jumatano tarehe 13 yeye na mwenzake waliangusha mninga na kuanza kuupasua kwa msumeno wa watu wawili. Kwa nje ulikuwa mzima, gome halina tundu la kupitisha hata kidole. Kwa ndani ulikuwa na pango, urefu wa mtu na upana wa mabega. Lilikuwa tupu. Kuta zake zilikuwa na alama za kisogo cha shoka, tatu tatu, kuanzia chini hadi juu, kila mahali ambapo mkono ungefika. Za chini zilikuwa nyeusi kwa ukongwe. Za juu zilikuwa nyeupe, na utomvu mwekundu ulikuwa bado unatoka.

Abdala alikilaza kipande kile chenye pango juu ya mkokoteni, akakileta Mandawa.

Mwalimu wa madrasa alikataa kuswalia gogo. Alikubali kusoma Yasini, kwa sababu ya mjane. Hajira alikata sanda mwenyewe. Kaburini, mwalimu aliuliza dua aiombe kwa jina la nani. Makaburi ya Mandawa yako ukingoni mwa pori, na siku ile watu wapatao arobaini walisimama pale. Waliitazama miti, wakamtazama Hajira. Hajira alitikisa kichwa. Hakuna aliyetaja jina.

Mwalimu aliomba bila jina. Walifukia saa kumi alasiri, Ijumaa tarehe 15 Oktoba 1954.